Jani likiwa bichi mno: yale tuliyojifunza kwenye chapa za majani na kolaji

Jani bichi la mkungu likipitishwa kwenye mashine ya kuchapia, ile ya kuzungusha kwa mkono yenye rola ya chuma, linapasuka. Halipasuki kwa kishindo. Unasikia mlio mdogo wa kitu kinachopondwa, na ukifunua karatasi unakuta mshipa wa kati umetema maji yakausukuma wino pembeni. Baada ya siku mbili maji yale yanageuka rangi ya chai kavu, na karatasi nzuri ya pamba imekuwa ya kufutia rola ya wino. Ukilikausha jani hilohilo wiki nzima, nalo linavunjika kama papadi. Kati ya kupasuka na kuvunjika kuna siku moja hivi ambayo jani linakubali kuchapwa. Karibu kila tulichojifunza katika kazi hii kina sura hiyo: kuna maji ya jani, maji ya karatasi, maji ya gundi na maji yaliyomo hewani, na hakuna hata mawili yanayokauka kwa mwendo mmoja.

Chapa tunayoizungumzia huunganisha sura ya mmea, ambayo hutokana na jani lenyewe badala ya mchoro wake, na vipande vya karatasi nyembamba vinavyogandishwa kwenye karatasi nene wakati uleule wino unapochapwa. Mbinu hiyo ya kugandisha wachapaji huiita shini kole, kwa Kifaransa. Shini ni China, maana karatasi nyembamba zilizotumiwa Ulaya zamani ziliaminika kutoka huko, na kole ni iliyogandishwa. Kipande hukaa chini ya wino, na hapo ndipo ufundi ulipo. Ukichapa jani kwanza, ukasubiri likauke, kisha ukabandika kipande cha gazeti juu yake kwa gundi ya dukani, umetia kiraka. Mishipa ya jani ikipita juu ya kipande na kuendelea kwenye karatasi nyeupe bila kukatika, mtazamaji hajui tena kipi kilitangulia.

Mmea na mkasi vimekutana siku nyingi. Mary Delany wa Uingereza alianza mwaka 1772, akiwa na miaka 72, kukata karatasi za rangi na kuzipanga juu ya karatasi nyeusi mpaka zikawa ua zima. Miaka kumi baadaye alikuwa ametengeneza karibu picha 1,000, ambazo sasa zipo British Museum jijini London, na katika baadhi yake alichomeka jani halisi lililokaushwa. Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, amejulikana duniani kwa kolaji, yaani picha za vipande vilivyobandikwa pamoja, ambamo mwili wa mwanamke, mnyama, mmea na vipande vya majarida ya mitindo vinaingiliana. Delany aliyaficha makali ya mkasi wake, Mutu mara nyingi huyaacha wazi. Amua mapema wewe uko upande gani, kwa sababu makali yaliyofichwa nusu hayasomeki kama ufundi, yanasomeka kama uvivu.

Vifaa si vingi. Bamba letu ni perspeksi, plastiki ngumu inayopitisha mwanga, ya milimita 3, sentimita 20 kwa 28, kingo zote nne zikiwa zimepigwa tupa kwa mshazari wa nyuzi 45 ili zisikate karatasi wala blanketi za mashine. Karatasi ya chini, ile nene inayobeba picha, ni ya pamba, gramu 250 kwa mita ya mraba. Shiti kubwa ya sentimita 56 kwa 76 inatoa vipande vinne vya 28 kwa 38, na hapo bamba linabakiza ukingo wa sentimita 4 kushoto na kulia, na 5 juu na chini. Karatasi ya ofisini ya gramu 80 usiisumbue, ikiloa inachanika ukiitazama.

Wino uwe wa mafuta. Ule wa maji unaouzwa kwa ajili ya shule, kwenye joto la nyuzi 31, unakauka juu ya bamba ndani ya dakika chache, kabla hujamaliza kupanga vipande. Wino wa ofseti unaotumiwa na wachapaji wa kalenda na vitabu unafaa kabisa, ila una mnato mkali. Ukiachwa ulivyo unang'oa nyuzi za karatasi nyembamba na wakati mwingine ngozi ya jani. Ulainishe kwa matone mawili matatu ya mafuta ya kitani kwa kila kijiko cha wino. Ukizidisha, wino unatambaa na mishipa midogo inazama. Ukisharegea namna hiyo, ongeza poda ya magnesi kabonati kidogo kidogo, ile wanayopaka mikononi wanamichezo ya viungo, mpaka ukiuinua kwa kisu udondoke vipande vipande badala ya kutiririka. Rola ya kupakia wino ndiyo itakayokwambia kama kiasi ni sawa. Ikizunguka juu ya wino sauti iwe kama rasharasha juu ya makuti. Ikinata na kutoa sauti ya kandambili kwenye tope, umeweka mwingi.

Turudi kwenye majani, maana hapo ndipo watu wengi wanapoharibu. Yachume saa tatu au saa nne asubuhi, umande ukishakauka. Yapange kati ya kurasa za gazeti bila kugusana, weka ubao juu, na juu ya ubao matofali mawili. Kesho yake saa zilezile lijaribu jani moja: lishike kwa kikonyo. Likilala bila kujishupaza, na ukilikunja kidogo likakunjika kimya kimya, liko tayari. Likiwa bado linasimama, badilisha magazeti na ulirudishe hadi jioni. Wakati wa masika, hewa ikiwa imejaa maji, saa 24 hazitoshi, hesabu siku mbili. Kipupwe kinapovuma, saa 18 zinaweza kuwa nyingi.

Upande unaochapwa ni wa chini, kwa sababu ndiko mishipa ilikosimama. Lakini mshipa wa kati ukiwa mnene, rola ya chuma ikiufikia inanyanyuka, na jani pande zote mbili linakosa mkandamizo. Ndiyo maana chapa nyingi za wanaoanza zina njia mbili nyeupe zinazoufuata mshipa kama nyayo za gari. Laza jani upande wa chini ukiwa juu, laza wembe karibu sambamba na jani lenyewe, na uchonge mshipa kutoka kikonyoni kwenda nchani kwa kuvuta mara moja moja. Usiuondoe wote. Ukibaki unene wa kadi ngumu, unatosha. Kikonyo nacho kichonge hivyohivyo, au kikate. Kikonyo kisichochongwa kimetoboa blanketi nyingi, na blanketi ya sufu ya mashine si kitu cha kununua kila mwezi.

Kila mti una tabia yake. Mkungu una jani pana na mishipa inayosomeka vizuri, ila umejaa tanini, ndiyo inayogeuza maji ya jani kuwa kahawia, kwa hiyo ukandamize kwenye gazeti mara mbili. Kisamvu ndicho jani la kujifunzia: ni chembamba, vidole vyake vinalala bila ubishi, na makosa yake ni madogo. Mpapai una sura ya kupendeza kuliko yote, lakini kikonyo kinatoa utomvu. Ukate, uusimamishe kwenye maji robo saa, uufute, ndipo uukandamize. Jani la mgomba linachanika kwenye mistari yake mpaka ulibabue motoni kama unavyofanya ukitaka kufungia chakula. Likibadilika rangi na kulegea, lifute kwa kitambaa kikavu na ulikate kipande. Mwarobaini vijani vyake vinadondoka kwenye kijiti, hivyo vipange kimoja kimoja kwa kibanio. Ukuti wa mnazi achana nao, ni mgumu, unakata blanketi, na unachotoa ni mistari tu. Feri, mimea ya kivulini isiyo na maua, ndiyo inayosamehe kuliko yote kwa sababu asili yake ni bapa.

Kuna mimea isiyofaa kupita kwenye mashine hata ufanye nini. Ua dogo la zambarau la milima ya Usambara, lile lililoelezwa kisayansi mwaka 1893 na kupewa jina la Saintpaulia kutokana na ofisa wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire, lina jani nene lenye maji na manyoya. Ukilikandamiza unapata doa. Tena huko msituni aina zake nyingi ziko hatarini, si la kwenda kuchuma kwa ajili ya picha. Mimea kama hiyo iingize kwa mlango wa kolaji: chora au tafuta mchoro wa zamani usio na mwenye hakimiliki, uutoe kopi kwenye karatasi nyembamba, na jani la kuchapwa liwe la mmea mwingine usio na shida.

Hapo tunaingia kwenye vipande, na swali la kwanza ni wino wake unastahimili maji au la. Kopi ya mashine inayotumia tona inastahimili, kwa sababu unga wa tona huyeyushwa kwa joto ukashika karatasi. Kopi ya printa ya wino wa maji inatiririka na kutia rangi jani zima. Kalamu ya kawaida ya bolipeni mara nyingi inavumilia, ya jeli mara nyingi haivumilii. Muhuri wa zambarau kwenye barua na stakabadhi za zamani, ambao ni mzuri mno kwa macho, ndio unaotoka upesi kuliko vyote. Loanisha kona, ikandamize kwenye karatasi nyeupe kwa kidole ukihesabu hadi 60, uitazame. Ikiacha hata kivuli cha rangi, usiitumie yenyewe, itoe kopi. Risiti za mashine za kodi ni karatasi ya joto: maandishi yake yanafifia yenyewe. Nazo zitoe kopi. Gazeti lina nyuzi za mti zenye lignini, ndiyo maana linageuka njano likikaa juani. Anayelitumia kwa makusudi ajue anachofanya, na mnunuzi aambiwe.

Unene wa kipande uwe gramu 20 hadi 40 kwa mita ya mraba. Karatasi ya Kijapani ya kozo ndiyo bora, lakini karatasi nyembamba za kufungia mashati mapya na za barua za ndege za zamani zinafanya kazi. Mashine ya kopi haipendi karatasi nyembamba hivyo. Ibandike kwa utepe wa karatasi kwenye A4 ya kawaida upande unaotangulia kuingia, na iingie moja moja. Kanga nayo ni hazina, hasa zenye nakshi ya korosho, kwa sababu tayari ni mmea uliogeuzwa kuwa pambo. Usikate kanga yenyewe. Itandaze juu ya kioo cha mashine, toa kopi nyeusi na nyeupe ya kipande cha pindo, na ukate kwenye hiyo. Neno la jina la kanga ukiliingiza, kumbuka kwamba linasomeka. Litatawala picha yote na jani litageuka mapambo ya methali.

Karatasi ina mwelekeo wa nyuzi. Ikiloa inatanuka zaidi kwa upande unaokatiza nyuzi kuliko unaozifuata, na nyuzi za kipande zikipingana na za karatasi ya chini, vitu hivyo viwili vitavutana vikikauka. Ili kuujua mwelekeo, kunja bila kuvunja kwa upande mmoja, halafu mwingine. Upande unaokubali kwa urahisi ndio mkunjo unaolingana na nyuzi. Weka alama ya penseli nyuma ya kila shiti kabla ya kukata chochote. Ni kazi ya dakika mbili ambayo kila mtu huiruka mara ya kwanza.

Gundi yetu ni uji wa ngano. Kila aliyewahi kutengeneza tiara utotoni anaujua, lakini ule wa tiara ni wa unga mzima, na unga mzima una protini inayogeuka njano na kuwaita wadudu. Kinachotakiwa ni wanga peke yake. Kanda unga na maji uwe donge kama la chapati, uliache nusu saa, kisha ulikande ndani ya bakuli la maji. Maji yanageuka meupe na mkononi linabaki donge la mpira, hilo litupe. Yachuje maji, yaache yatuame usiku kucha, asubuhi mwaga ya juu. Utandu mweupe uliobaki chini ndio wanga. Uanike, ukauke, uusage. Wanga wa muhogo, ule wa kutia kwenye kanzu, unafanya kazi pia, ila uji wake unanata zaidi na unavutika kama nyuzi ukipaka, kwa hiyo unahitaji maji zaidi.

Kipimo ni wanga kijiko 1 kwa maji vijiko 5. Loweka nusu saa, weka moto mdogo, koroga bila kuacha dakika 15 hadi 20. Utakuwa mweupe, mzito, halafu ghafla utaanza kung'aa na kupitisha mwanga. Hapo usiuepue mara moja, mpe dakika tano zaidi. Uji ulioepuliwa mapema unashika siku ya kwanza na kuachia siku ya kumi. Ukipoa uchuje kwa kitambaa safi mara mbili, kisha uongeze maji mpaka ufanane na tui zito. Kwa karatasi za gramu 20, tui la pili. Matone mawili ya mafuta ya karafuu kwa kikombe huchelewesha ukungu na kuipa karakana harufu ya Unguja. Kwenye friji unakaa siku nne au tano. Ukinuka uchachu, umwage.

Mafundisho mengi ya mbinu hii yameandikwa kwa nchi za baridi: paka uji nyuma ya kipande, kiweke kwenye bamba, funika, chapa. Katika joto la pwani uji umeshakauka kingo kabla hujakamata kipande cha tatu. Sisi tunafanya kinyume. Tunapaka uji kwenye shiti nzima ya karatasi nyembamba, tunaianika juu ya plastiki mpaka ikauke kabisa, ndipo tunaikata. Shiti yenye uji mkavu ni ngumu kidogo, mkasi unapita bila kuikokota, na kingo zinatoka safi. Gundi itaamshwa baadaye na unyevu wa karatasi ya chini pamoja na mkandamizo. Weka alama ndogo ya penseli upande wenye uji, la sivyo siku moja utagandisha kipande kwenye bamba na karatasi itoke tupu.

Karatasi ya chini iloweke dakika 20 hadi 30 kwenye beseni. Itoe, idondoshe maji, ibane kati ya taulo mbili. Itazame kwa kuiinamisha kwenye dirisha: kukiwa na mng'ao wowote bado ni mbichi. Iwe baridi mkononi lakini isiloweshe kidole. Ukiwa na chapa 10 za kufanya siku moja, loweka zote jana yake, zibane, zipange ndani ya mfuko wa plastiki chini ya ubao. Usizifikishe siku ya tatu, kwenye joto letu zitakutoka na madoa ya ukungu.

Sasa uchapaji wenyewe. Bamba limepakwa wino mweusi wote, tabaka jembamba, lile la rasharasha. Chini ya bamba, kwenye meza ya mashine, kuna karatasi yenye mistari miwili iliyochorwa: mstatili wa bamba na mstatili wa karatasi. Jani la kisamvu linalazwa upande wa mishipa ukitazama wino. Juu yake inawekwa karatasi nyembamba isiyo na uji, halafu gazeti safi, blanketi mbili, na mkono wa mashine unazungushwa polepole bila kusimama katikati, maana ukisimama unaacha mstari. Ukifunua unapata chapa ya kwanza: uwanja mweusi na jani jeupe katikati, kama kivuli kilichogeuzwa. Wanaoanza hushangilia hapa na kuacha. Subiri. Chomoa jani kwa kibanio kuanzia nchani, lisikwaruze. Mahali lilipolala, wino umebaki, lakini umesomwa na mishipa: kila uzi wa jani, hadi ule usiouona kwa macho, uko pale kwenye bamba. Hicho ndicho tunachokiita kivuli cha pili, na ndicho kitu tunachokitafuta.

Kazi halisi inachapwa kwenye kivuli hicho. Vipande vyenye uji vinapangwa juu ya bamba, uso chini ukigusa wino, uji juu. Hapa akili huchanganyikiwa. Sura ya bamba itageuka kushoto-kulia. Kipande chenyewe hakigeuki, maandishi yake yatasomeka sawa, lakini mahali pake panageuka. Ukitaka neno likae kulia kwa mtazamaji, liweke kushoto kwenye bamba. Chora ramani ndogo iliyogeuzwa na uiweke ukutani mbele ya mashine, usitegemee kichwa. Kila kipande kikae ndani ya ukingo wa bamba kwa angalau milimita 1. Kikitokeza nje hakipati mkandamizo na kona itanyanyuka. Pulizia ukungu wa maji kwa chupa ya kunyunyizia, mara moja tu, kutoka nusu mita. Laza karatasi ya chini juu ya bamba ukifuata mistari yako, kisha gazeti, blanketi, chapa. Safari hii kaza mashine robo mzunguko zaidi kwa sababu jani halimo tena.

Ifunue kutoka kona moja, polepole. Kama uji umeshika, unasikia karatasi ikijitenga na wino kwa sauti moja ndefu isiyokatika, na vipande vinakuja nayo vikiwa vimelala kana kwamba vilizaliwa humo, mishipa ikivuka kutoka kwenye nakshi ya korosho kuingia kwenye weupe. Ile chapa ya kwanza yenye jani jeupe usiitupe. Ikikauka, ipake uji nyuma, ikate, nayo iwe kipande cha kazi inayofuata.

Yakiharibika, sababu huwa hizihizi. Mikunjo midogo kama ngozi ya kidole kilichokaa majini ina maana kipande kililoa kuliko karatasi ya chini: kilitanuka kwanza, kikagandishwa kikiwa kimetanuka. Punguza kunyunyizia. Vipovu vikitokea katikati, karatasi ya chini ilikuwa kavu mno au brashi ya uji iliruka mahali. Mng'ao unaozunguka kipande kama utando wa konokono ni uji mzito uliobanwa ukatoka. Wino ukigoma juu ya kipande lakini ukashika pembeni yake, angalia kama karatasi hiyo ina nta au mng'ao wa kiwandani, kama za majarida. Na kipande kikibaki kwenye bamba, ulikiweka kichwa chini miguu juu.

Asiye na mashine atumie mgongo wa mwiko. Karatasi ya chini basi iwe nyembamba zaidi, gramu 120 hivi, apake wino kwenye jani lenyewe, alilaze, na asugue kwa miduara midogo juu ya karatasi ya kuokea. Vipande abandike kwanza kwa uji mbichi, aviache chini ya uzito usiku kucha, na achape jani juu yake kesho yake. Mishipa itavuka vilevile. Kinachopotea ni kile kivuli cha pili, mwiko hauwezi kukitoa.

Usianike kazi kwenye kamba. Kipande na karatasi ya chini vinakauka kwa mwendo tofauti, na kikiachwa huru chote kinajikunja kama kadibodi iliyonyeshewa. Ilaze kati ya karatasi za kufyonza, karatasi laini safi ikigusa wino, ubao juu na kilo 20. Badilisha karatasi za kufyonza baada ya saa moja, tena jioni, kisha kila siku kwa siku tano. Wino wa mafuta utaendelea kuwa laini wiki mbili, wakati wa masika zaidi. Bamba na rola futa kwa mafuta ya kupikia, kisha sabuni ya vyombo. Mafuta ya taa hayahitajiki na chumba hakinuki.

Kwa kuwa kila jani na kila kipande hutofautiana, hutaweza kutoa nakala 20 zinazofanana, na usijifanye unaweza. Andika kwa penseli chini kushoto 3/12, yaani nakala ya tatu kati ya 12, katikati jina la kazi, kulia sahihi, na kando ya namba onyesha kwamba ni toleo lenye tofauti. Penseli haififii, na ikifutwa mara nyingi huacha alama kwenye karatasi. Lalamiko letu moja ni nakala za printa ya kompyuta zinazouzwa kama chapa za mkono, kwa bei ya chapa za mkono. Mnunuzi ana njia ya kujua. Lalisha tochi pembeni: chapa ya kweli iliyotoka kwenye bamba ina bonde la ukingo wake, na kingo za vipande zinatupa kivuli chembamba kama unywele. Weka kioo cha kukuzia: ukiona vitone vidogo vya rangi picha nzima, imetoka printa.

Fremu pwani ni vita vingine. Kazi isiguse kioo. Weka nafasi ya milimita 3 au zaidi, maana asubuhi kioo hutoa jasho na karatasi iliyogusana nacho hushika. Isitundikwe kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua. Mgongo uzibwe kwa utepe wa karatasi, maana wadudu wa fedha, wale wadogo wenye rangi ya fedha wanaokula karatasi, wanaujua uji wa ngano kuliko sisi. Fungua baada ya masika ya kwanza, kagua kona za vipande kwa tochi iliyolala. Penye iliyonyanyuka, brashi nyembamba, uji wa tui la pili, karatasi ya nta juu, na tofali lililofungwa kitambaa mpaka kesho.